Maisha ya Mama Masika Wivine, na Ukurasa wa 61

Baba padri, wazee wetu, wamama wa shirika, ndugu na jirani wote muliokuja kulia pamoja nasi hapa Mapendo, mujini Goma, marehemu ambaye historia yake inasomwa leo alikuwa yeye mwenyewe mutu wa kuandika historia za marehemu, zaidi ya miaka makumi mbili alikaa chini pamoja na familia zenye kilio, akauliza tarehe, akauliza mahali, akaandika, na sheria yake ilikuwa moja, kwamba mutu anayesimama kusoma asiseme "mimi", kwa sababu siku ile si yake. Kwa hiyo mudogo wake Henri, ambaye ndiye ameshika karatasi hii, hatasema mimi, hata pale itakapomubidi kusema makosa yake, na makosa hayo yanatangulia hapa, mbele hata ya kuzaliwa kwa marehemu, kwa maana yasiposemwa kwanza, mengine yote yatakayofuata yatakuwa na uongo ndani.

Henri anaungama kwa Mungu Mwenyezi na kwenu ninyi ndugu, kwamba mwezi wa nane wa mwaka 2018, dada yake mukubwa alipomupa karatasi za buku lake azipeleke kwa muchapishaji, alitoa ukurasa mumoja katikati, akauficha, na dada yake alipouliza, akajibu kwamba umepotea njiani kwa sababu ya upepo. Upepo haukuwa. Ukurasa ule ulikuwa wa mutoto, na mutaambiwa ni mutoto gani tukifika kwenye miaka yake.

Mama Masika Wivine alizaliwa Butembo tarehe 9 Februari 1964, mutoto wa kwanza wa muzee Kasereka Anselme na mama Kavira Pelagie, kama jina lake lenyewe linavyosema, kwa maana kwetu sisi Banande jina ni hesabu, binti wa kwanza anaitwa Masika, kijana wa kwanza anaitwa Paluku, wa pili anaitwa Kambale, na mutu akikutajia jina lake tu, unajua ni wangapi walimutangulia kutoka katika tumbo la mama yake. Jirani zetu wa Rutshuru na Masisi, na wale wa Bukavu, ambao majina yao ni sala wala si hesabu, wavumilie maelezo haya, maana bila hayo hawataelewa kilichotokea. Alikuwa na miezi sita tu vita vya wakati wa Mulele vilipofika Butembo, mama yake akamufunga mugongoni akaingia naye porini, kwa hiyo yeye alikimbia vita mbele ya kujua kutembea.

Alibatizwa tarehe 18 Aprili 1965, akaanza masomo ya primeri mwaka wa 1970, na kutoka siku alipojua kuandika hakuna karatasi iliyopumzika karibu naye. Muzee Anselme alikuwa na buku moja tu nyumbani, buku la misa, na binti yake akaanza kuandika ndani ya jalada lake kila aliyezaliwa na kila aliyekufa katika familia, kwanza mbele, kisha nyuma, kisha pembeni mwa sala, mpaka siku moja muzee alifungua ili asali, akakuta jina la mbuzi aliyekufa. Akapiga kelele, "We mutoto! Kesho utaandika mpaka juu ya altari?" Naye akajibu kwa heshima zote, "Papa, kama haijaandikwa, utajuaje ilikuwako?" Alipigwa, lakini muzee hakufuta jina la mbuzi, na buku lile liko mpaka leo.

Alisoma sekondari upande wa pedagojia, akapata diplome mwaka wa 1983, akafundisha Butembo miaka sita. Tarehe 29 Julai 1989, Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Papa Katembo Benny, shofere wa kamio ya njia ya Butembo na Goma, mutu wa kucheka kwa sauti, na kwa sababu ya kazi ile ya barabara wakahamia Rutshuru, naye akapewa darasa la nne primeri. Huko Rutshuru Mungu aliwapa mutoto wao wa kwanza, Paluku Gauthier, aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1991, na wa pili, Kambale Justin, ambaye muko munamuona hapa amekaa karibu na jeneza, aliyezaliwa tarehe 20 Juni 1994. Kutoka siku ile Paluku alipozaliwa, kufuatana na desturi, hakuna aliyemuita tena Masika wala Wivine, alikuwa Mama Paluku, na jina hilo alilibeba mpaka kufa.

Kambale alikuwa hajatimiza mwezi mumoja wakimbizi walipoanza kuvuka mupaka kutoka Rwanda, mwezi wa saba 1994, nanyi wenye umri munajua, hakuna haja ya kueleza, harufu ile haielezeki kwa maneno. Watu walilala mpaka katika baraza la shule. Tarehe 19 Julai kijana mumoja alikufa mbele ya mulango wa darasa la nne kwa ugonjwa wa kuhara, hakuna aliyemujua jina, wenye kumuzika walikuwa wamechoka wakataka kumubeba upesi, na Mama Paluku akawasimamisha, akapekua mifuko ya kijana, akachukua kaye, daftari ya shule, akaandika: kijana, shati ya buluu, meno mazuri, alikuwa na ufunguo mufukoni, basi alikuwa na nyumba. Walipomuuliza hiyo ni ya kazi gani, alisema tu, "Mutu asizikwe kama muzigo." Hiyo ndiyo historia ya kwanza katika kaye yake ya kwanza.

Sasa tunafika kwenye mwaka wa 1996, na Henri anaomba mumuvumilie. Wakati ule Henri alikuwa na miaka makumi mbili na mbili, hakumaliza sekondari, mama yake alikuwa amemutuma Rutshuru kwa dada yake ili atulie, na alikuwa anangojea kupokelewa kwa watawa mwaka ule, mpaka alikuwa amekwisha kununuliwa viatu vyeusi vya ngozi vya siku ile. Vita vilipoanza mwezi wa kumi, Papa Benny alikuwa na kamio yake Butembo, njia ikafungwa nyuma yake, na Mama Paluku akatoka Rutshuru kwa muguu kuelekea Goma, Kambale mugongoni, makaye katika kikapu juu ya kichwa, na Paluku, miaka tano na nusu, akapewa Henri amushike mukono. Henri alivaa viatu vile vipya ili asiviache. Jumamosi tarehe 26 Oktoba 1996, kama saa nane za muchana, walifika Kibati, na siku ile ile kambi ya wakimbizi ya Kibumba ilikuwa inavunjika nyuma yao, watu wakashuka barabarani wengi kama maji, na juu ya mawe ya volkano kiatu cha Henri kikatoka muguuni. Aliachilia mukono wa mutoto, akainama, akavaa kiatu chake, akakifunga kamba. Aliposimama, Paluku hakuwako.

Walimutafuta siku tatu Kibati, wakiita, na katika kundi lile kila mama alikuwa anaita, majina yalikuwa mengi kuliko masikio. Wakamutafuta katika kambi ya Mugunga, wakapeleka jina kwa wenye kuandika watoto waliopotea, wakapeleka picha, kwa miaka na miaka. Henri hakuingia utawa. Viatu vile hakuvivaa tena, lakini hakusema kwa mutu ni kwa nini, na kila mutu alipouliza kilio cha Kibati kilitokeaje, alisema kundi la watu lilimunyang'anya mutoto, naye dada yake, ambaye Henri alikuwa amemuambia kweli siku ile ile, akamuacha aseme hivyo.

Papa Benny alifika Goma mwezi wa kwanza 1997, amezunguka mbali sana, miguu imevimba, akaingia katika chumba walichopewa hapa Mapendo, akahesabu watu kwa macho, akauliza mara moja tu, "Mama Paluku, Paluku ako wapi?" Bibi yake akamujibu, "Hajafika." Hakusema amepotea, hakusema amekufa, na kutoka siku ile neno hilo likawa neno lake. Jirani mupya alipokuja na kusikia jina lake, akamuuliza, kama vile Mama Mukabalisa aliyeketi pale alivyouliza siku ya kwanza, "Wewe Mama Paluku, mbona ninamuona Kambale tu, Paluku wako anasoma wapi?" alijibu vilevile, "Hajafika," akaendelea kupanga mabuku yake. Na katika makaye yake, kwa kila mutu aliyeachwa njiani na ambaye hakuna aliyeona kaburi lake, hakuandika kwamba alikufa, hata familia ilipomulazimisha, aliandika: hajafika.

Kazi yake hapa Goma munaijua. Hakupata darasa, kwa hiyo aliweka meza karibu na kanisa, yeye na Mama Mukabalisa, akiuza makaye, biki, na mabuku yaliyokwisha kusomwa, ya historia, ya maisha ya watu wakubwa na ya watakatifu, ya desturi za makabila, na kabla ya kuuza aliyasoma yote, mpaka munuzi mumoja alimutania, "Mama, hili ni buku mupya ao ni sahani umekwisha kulia?" Watu walianza kumuomba awaandikie barua, kisha historia za marehemu wao, na kila aliyoandika alibakiza nakala yake katika kaye. Tarehe 12 Mei 1998 alizaa binti yake Masika Sylvie. Tarehe 17 Januari 2002, volkano iliposhuka katika muji, alipata chukudu moja, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, akapakia makaye kumi na tatu na watoto wawili, Papa Benny akamuuliza mbele ya avenue nzima, "Mama, unaacha matela unabeba makaye?" akamujibu, "Matela haina jina la mutu ndani." Matela ile ya kulalia iliungua. Papa Benny alicheka habari hiyo mpaka alipofariki tarehe 8 Novemba 2010, kwa ugonjwa wa ini, na historia yake bibi yake ndiye aliyeiandika, ni ukurasa mumoja na nusu, na ndani yake imeandikwa kwamba aliacha watoto watatu, akiwamo mumoja hajafika.

Mwaka wa 2016 makaye yalikuwa makumi tatu na moja, na vijana wa parokia wakaanza kuyapiga ku mashini ili yawe buku. Buku hilo ni lile munaloliona pale mezani, Watu wa Njia ya Kibati. Ndani yake kuna historia ya barabara ile kutoka Rutshuru, kuna maisha ya watu sitini na wawili, wakubwa na wadogo, kuna yule kijana wa ufunguo, na mwanzoni kuna fungu juu ya majina, ambapo anaeleza namna Banande wanahesabu watoto, na namna jirani zetu wa Kinyarwanda wanaweka shukrani ndani ya jina la mutoto, na ukurasa wa 17 unasema wazi: Kambale ni wa pili siku zote, ukimuona Kambale ujue kuna aliyepita mbele yake. Mwishoni, kwa kuombwa na vijana, aliweka kurasa chache za maisha yake mwenyewe na za watoto wake, mumoja mumoja.

Henri ndiye aliyepewa karatasi azipeleke kwa Papa Cirimwami, muchapishaji, na nyumbani usiku akazisoma kwanza. Wakati ule alikuwa prezida wa shirika letu la wakristo, anaongoza sala, anapatanisha watu wenye ndoa. Akafika kwenye ukurasa wa Paluku, akasoma mpaka maneno "alikuwa mukononi mwa mujomba yake Henri, ambaye aliinama", na hakuweza kuendelea. Aliona watoto wa parokia nzima wanasoma maneno yale. Hakusoma mustari uliofuata. Akatoa ukurasa, akaukunja mara ine, akauweka ndani ya buku lake la sala, mahali ambapo angeuona kila siku na kila siku angefunga buku upesi.

Papa Cirimwami ni mutu wa haki, kosa si lake, yeye ni Mushi, mutu wa Bukavu, na kwao hawahesabu hivyo. Alikuta mahali pameandikwa "mutoto wa pili, Kambale", hakuona wa kwanza, akafikiri mashini imekosea, akasahihisha kwa moyo mwema, Kambale akawa wa kwanza, Sylvie akawa wa pili. Alimuita Henri aje kusoma mara ya mwisho mbele ya kuchapa, Henri akasoma "mutoto wa kwanza, Kambale", akaona, akaweka sahihi.

Siku ya kutoa buku ilikuwa Jumapili tarehe 28 Oktoba 2018, kisha misa ya pili, mabuku mia tatu yalikuja juu ya chukudu yamefungwa na kitenge, Mama Paluku amevaa ile kitenge ya manjano munayoijua. Watu walifurahi, wakanunua, wakasoma wakiwa wamesimama. Ndipo muzee mumoja mufanya biashara, aliyefika juzi tu kutoka Butembo na hajui habari za hapa, akainua kidole kwa furaha na kusema kwa sauti, "Mama Masika, pole kwa kukusumbua! Ku page 17 unatufundisha Kambale ni wa pili. Ku page 61 Kambale wako ni wa kwanza. Sasa huyu Kambale alimupita Paluku wapi, ku ronpwe ya magari?" Watu walicheka, hakuwa na nia mbaya, hata Kambale mwenyewe alicheka. Mama Paluku alifungua ukurasa wa 61, akausoma muda murefu kuliko inavyohitaji mustari mumoja, akainua macho, akamutazama mudogo wake Henri, kisha akamujibu muzee yule, "Ni kweli, muzee wangu. Kuna mutu hajafika." Akafunga buku, akaketi, na muzee, Kambale alipomunong'oneza, akavua kofia.

Jioni aliuliza ukurasa ule ulienda wapi. Hapo ndipo Henri alisema upepo. Dada yake alisema, "Sawa, Henri," na hakuuliza tena.

Kesho yake alianza kusahihisha kwa mukono. Mabuku yaliyouzwa aliyafuata nyumba kwa nyumba, mengine mpaka Sake na Rutshuru kwa pikipiki, akaomba ruhusa, akafungua ukurasa wa 61, akakata neno moja, lile "kwanza" la Kambale, akaandika chini kwa biki ya buluu: Wa kwanza ni Paluku. Hajafika. Yaliyobaki aliyaweka chini ya kitanda, akaandika moja moja, hakuuza hata moja lisiloandikwa. Sylvie alimuambia mara nyingi, "Mama, lete nikusaidie, tutamaliza leo," akakataa. Papa Cirimwami alijitolea kuchapa kikaratasi cha kubandika, akamushukuru, akakataa. Mwaka wa 2021, mulima ulipolipuka tena na muji kuhama kwenda Sake, alihama na yale yasiyoandikwa, akaandika mengine ine katika kambi.

Ugonjwa wake wa sukari ulianza mwaka wa 2013, alinywa dawa kwa utii. Tarehe 14 Septemba 2022, Jumatano asubuhi, alianguka karibu na meza yake, presha ilikuwa imepanda, alipelekwa hospitali, akakaa juma tano, na aliporudi nyumbani mukono wake wa kuume ulikuwa umekufa. Alikuwa amekwisha kuandika mabuku mia mbili na kumi na mawili. Yalibaki themanini na manane.

Kutoka wakati ule Henri alikuja kila siku kisha misa ya asubuhi, akamusomea Injili, akamugeuza kitandani, na kila siku, ile miezi karibu kumi na saba yote, alipoinuka aende, dada yake alitazama upande wa dirisha, mahali mabuku yalipopangwa, na kusema kwa ulimi ulio muzito, "Henri, biki iko ku meza." Hakusema zaidi. Mara ya kwanza Henri alimujibu mukubwa wake, "Ndiyo, yaya, nimeiona." Mara ingine alisema amesahau miwani. Mara ingine alisema kesho. Alikuwa anajua maana yake, ndugu, asidanganye watu mbele ya jeneza, alijua kwamba dada yake amekataa mukono wa Sylvie na mashini ya Papa Cirimwami kwa sababu kulikuwa mukono mumoja uliopaswa kurudisha jina lile, na alikuwa anaungoja. Henri alipeleka dhambi ndogo ndogo kwa padri kila Pasaka, hii hakuipeleka.

Mwezi wa pili mwaka huu bombe zilipokuwa zinasikika kutoka upande wa Sake, na wakimbizi wamejaa mpaka kwenye baraza zetu kama siku zile za Rutshuru, Mama Paluku akawa dhaifu, mafigo yakakataa kazi. Alipokea mafuta matakatifu tarehe 9 Machi. Jumatatu tarehe 11 Machi 2024, saa tatu za asubuhi, Henri alimaliza kusoma, akainuka, naye akatazama dirisha, midomo ikasogea, lakini sauti haikutoka. Henri akasema, "Kesho, yaya." Saa tano na nusu akafariki, mukono wake wa kushoto ndani ya mukono wa Sylvie, akiwa na miaka sitini, mwezi mumoja na siku mbili.

Juzi, Jumanne, Henri alifungua buku lake la sala, akakunjua ukurasa ule, na kwa mara ya kwanza akausoma mpaka chini. Hii hapa kama alivyoiandika marehemu:

"Paluku Gauthier, mutoto wa kwanza wa Masika na Benny, alizaliwa Rutshuru tarehe 3 Aprili 1991, Jumatano, kulikuwa mvua. Anapenda kuhesabu magari, hapendi maharage. Ana alama ya moto juu ya kiwiko cha kushoto, aliangukia chungu. Tarehe 26 Oktoba 1996, ku Kibati, alikuwa mukononi mwa mujomba yake Henri, ambaye aliinama kuvaa kiatu, kama vile mutu yeyote angeinama juu ya mawe yale, na mama yake alikuwa mbele hatua kumi na tano na hakugeuka nyuma kwa sababu alikuwa anachunga makaye, kwa hiyo asilaumiwe Henri peke yake. Henri naye alikuwa mutoto wangu. Hajafika."

Katika maisha ya watu sitini na wawili, ni hapo tu, mahali pamoja, marehemu alivunja sheria yake ya kutosema "mimi", akaandika "wangu".

Mama Masika Wivine anaacha watoto watatu, Paluku Gauthier, ambaye hajafika, Kambale Justin, na Masika Sylvie, anaacha wajukuu wane, na mudogo mumoja. Familia inashukuru madaktari na waganga waliomutunza, zaidi yule mama infirmiere, muuguzi aliyekuja nyumbani kwa muguu siku ambazo pikipiki zilikuwa zinaogopa, inashukuru shirika letu, Baba padri, Mama Mukabalisa aliyeacha meza yake ili amuogeshe muwenzake, vijana waliopiga mashini, Papa Cirimwami aliyetoa karatasi hii bure, na jirani wote wa avenue waliolala chini pamoja nasi siku hizi tatu, Mungu ndiye atakayewarudishia. Marehemu alitaka kuzikwa Kibati, karibu na njia, lakini munajua njia ile sasa haipitiki, kwa hiyo tutamulaza hapa karibu, na yeye ataelewa, yeye aliyejua vita kutoka mugongoni mwa mama yake.

Yaya, lala, muzigo wa makaye ushuke kichwani mwako. Upepo haukuwa. Ni mimi niliyetoa ukurasa, na leo asubuhi nimeandika ndani ya buku moja, kwa mukono wangu, mustari umepinda.

Yamebaki themanini na saba, yako pale mezani karibu na mulango. Ndugu, ninawaomba, mbele ya kutoka kwenda makaburini, kila mumoja wenu achukue buku, afungue ukurasa wa 61, akate neno lile moja, na aandike chini yake: Wa kwanza ni Paluku. Hajafika. Kisha aende nalo nyumbani, na akikutana siku moja na mutu wa miaka karibu makumi tatu na tatu, mwenye alama ya moto juu ya kiwiko cha kushoto, amuonyeshe. Biki ziko ku meza.